Sapu Mbili na Dawati la Madai: Kisa cha Mwanafunzi wa Sheria wa Jioni

Mhusika wa kisa hiki alisoma shahada ya sheria jioni huku mchana akiwa kazini. Nilikuwa mshauri wake wa taaluma tangu mwaka wa kwanza. Namwita Bi. N. Chuo, mwajiri na baadhi ya mambo ya nyumbani kwake nimeyaondoa au kuyabadilisha, na yeye mwenyewe ameridhia kisa kiandikwe. Wanafunzi wa jioni wanapofeli husema "sikuwa na muda", na walimu huitikia kwa kichwa, mazungumzo yakaishia hapo. Kisa cha Bi. N. kinafaa kusomwa kwa sababu muda ulikuwa tatizo lake la pili.

## Usuli

Alijiunga akiwa na miaka 34. Kwa miaka mingi alikuwa msimamizi wa dawati la madai katika kampuni ya bima: anapokea fomu, anakagua nyaraka, anapendekeza dai lilipwe au likataliwe. Madai yenye utata yalipelekwa kwa wanasheria wa kampuni na kurudi na maoni ya mistari miwili. Alitaka siku moja awe yeye anayeiandika hiyo mistari miwili. Nyumbani ana mume na watoto wawili, mdogo akiwa darasa la kwanza wakati huo.

Programu ilikuwa ya miaka minne kwa mzigo kamili, yaani masomo matano kila muhula. Vipindi vilikuwa Jumatatu hadi Alhamisi, saa 12 jioni hadi saa 3 usiku, na semina Jumamosi asubuhi. Kazi za muhula zilibeba alama 40, mtihani wa mwisho 60.

Kwa maandishi, mwanafunzi wa jioni ana haki sawa na wa mchana. Kwa hali halisi, maktaba ilifungwa saa 3 usiku, dakika zilezile anazotoka darasani, na ofisi ya usajili ilikuwa imeshafungwa kabla hajafika chuoni. Fomu ya kubadili somo ilihitaji saini za ofisi tatu, zote za saa za kazi. Hili huonekana dogo kwa asiyelipitia. Mtu aliyeajiriwa hulipia kila saini kwa kuomba ruhusa, na ruhusa za kazini zina mwisho.

## Muhula wa kwanza: mteremko

Alifaulu masomo yote, na Sheria ya Mikataba akawa miongoni mwa waliofanya vizuri zaidi darasani. Haikunishangaza. Kanuni ya uaminifu wa hali ya juu kati ya mwenye bima na kampuni, ile ambayo Lord Mansfield aliieleza katika Carter dhidi ya Boehm mwaka 1766, Bi. N. alikuwa akikutana nayo kila mara mteja alipoficha ugonjwa au ajali ya zamani kwenye fomu ya maombi. Wenzake walihitaji kueleweshwa kwa nini kunyamaza tu kunaweza kuvunja mkataba. Yeye alikuwa anajifunza jina la kitu anachokijua.

Ratiba yake ilikuwa hivi: anarekodi mhadhara kwa simu, anausikiliza kwenye basi asubuhi, na usiku watoto wakishalala anasoma kuanzia saa 4 hadi usingizi unapomshinda. Kazini hakumwambia mtu. Mwenzake mmoja aliyewahi kusoma jioni alianza kuonekana kama mtu aliyefungasha virago, na kikao cha kupandisha vyeo kilipokaa, jina lake halikutajwa. Bi. N. aliliona hilo akaamua kukaa kimya mpaka ahitimu.

## Mwaka wa pili: mambo yanaharibika

Mwaka wa pili ulileta Madhara (sheria ya kudai fidia kwa aliyedhuriwa na mwingine), Jinai, Katiba na Ardhi kwa pamoja, na juu yake somo la mbinu za utafiti. Wakati huohuo kampuni ilipunguza watu, na ripoti ya madai ya mwisho wa mwezi ikabaki mikononi mwake peke yake.

Majaribio mawili ya darasani yaliangukia mwisho wa mwezi. La Katiba alilifanya akiwa hoi, akapata alama za kati. La Jinai lilimpita kabisa. Kanuni zilimruhusu kuomba jaribio mbadala kwa barua ya mwajiri inayothibitisha kwamba alizuiwa na kazi. Kuomba barua hiyo kungefichua kila kitu, kwa hiyo hakuiomba, na sifuri ikaingia kwenye kumbukumbu zake.

Kwenye Madhara alisoma kwa bidii kuliko somo lolote. Hukumu ya Donoghue dhidi ya Stevenson ya mwaka 1932 aliisoma nzima, maoni ya majaji wote watano, usiku baada ya usiku. Alijua kwamba May Donoghue alinunuliwa kinywaji na rafiki yake mjini Paisley, Uskoti, Agosti 1928. Alijua kwamba chupa haikupitisha mwanga na ilidaiwa kuwa na konokono aliyeoza ndani, kwamba majaji waligawanyika watatu kwa wawili, na kwamba huyo konokono maarufu hakuwahi kuthibitishwa mahakamani: rufaa ilihusu kama madai hayo, yakichukuliwa kuwa ya kweli, yanampa haki ya kudai, na baadaye shauri likamalizwa kwa makubaliano. Hata walimu wengine wa somo hili husahau hilo la mwisho.

Swali la mtihani lilikuwa hivi kwa ufupi: mtu ananunua birika la umeme, anampa dada yake zawadi, birika linapasuka na kumuunguza mtoto wa dada. Mshauri dada huyo.

Nilikiona kijitabu chake cha majibu baadaye, alipoomba kukikagua. Ukurasa wa kwanza unasema dada hakununua birika, hana risiti, hana mkataba na muuzaji wala mtengenezaji, hivyo dai halina msingi. Ukurasa wa pili unachambua masharti ya dhamana ya bidhaa ambayo swali halikuyataja. Ukurasa wa tatu unasimulia Donoghue kwa ufasaha, konokono na yote, bila kumrudia mtoto aliyeungua.

Dawatini kwake ukurasa wa kwanza ungepita bila swali. Ni pendekezo safi la kukataa dai. Kisheria ni jibu la mwaka 1842, enzi za Winterbottom dhidi ya Wright, ambapo dereva wa gari la farasi la kubeba barua aliumia na mahakama ikamwambia hana mkataba na mkandarasi aliyepaswa kulitunza gari, hivyo hana la kudai. Donoghue ndiyo iliyoufungua mlango wa kudai bila mkataba kwa watumiaji wa bidhaa. Bi. N. aliiandika kesi kwa kirefu kwenye ukurasa wa tatu na kuipuuza kwenye ukurasa wa kwanza.

Matokeo yalipotoka alikuwa na sapu mbili, yaani mitihani ya marudio, Madhara na Jinai.

## Maamuzi, na kwa nini

Alikuja ofisini akiwa na barua mbili mfukoni, moja ya kuacha kazi na moja ya kuacha chuo, na akataka nimwambie ipi aikabidhi. Tuliweka mezani njia nne.

Kuacha kazi kuliondoka haraka. Ada ilitoka kwenye mshahara huo, na mume wake peke yake asingeubeba mzigo wa nyumba. Kuahirisha mwaka mzima kulimvutia zaidi, kwa sababu alikuwa amechoka kweli. Nilimpinga. Mwaka wa mapumziko ungeziacha sababu za sapu mahali pake, na wanafunzi wa jioni wanaoahirisha bila jambo mahsusi la kulimaliza, kama uzazi au ugonjwa, mara nyingi wanarudi na hali ileile, sasa wakiwa wamesahau nusu ya waliyosoma. Kukaza kamba kwa mzigo uleule ilikuwa njia ya tatu, na ndiyo aliyokuwa tayari ameshaijaribu.

Ya nne ilikuwa kupunguza mzigo hadi masomo matatu kwa muhula na kumaliza kwa miaka sita. Kabla ya kuamua tulikagua mambo ambayo wengi huyagundua baadaye. Kanuni za programu ziliruhusu hadi miaka minane ya usajili, kwa hiyo nafasi ilikuwepo. Ada ililipwa kwa somo, hivyo jumla isingebadilika sana, lakini ada ya usajili ya kila mwaka ingelipwa kwa miaka miwili zaidi. Na masomo yana mpangilio wake: Ushahidi haukuruhusiwa kabla ya kufaulu Jinai, na ulifundishwa muhula mmoja tu kwa mwaka. Akichelewa Jinai, anachelewa Ushahidi mwaka mzima, na Mwenendo wa Mashauri unafuata nyuma yake. Tulichora masomo yote kwenye karatasi moja, tukaanza na yale yanayofungua mengine.

Uamuzi wa pili ulikuwa mgumu zaidi kwake: kumwambia bosi. Hakwenda kuomba hisani. Alikwenda na ratiba ya mitihani ya mwaka mzima na pendekezo la kubadilishana: wiki za mitihani, ripoti ya mwisho wa mwezi aifanye mwenzake, yeye atamshikia mwenzake kipindi cha likizo za mwisho wa mwaka, ambacho kila mtu hukikimbia. Bosi alikubali. Bi. N. akamwandikia barua pepe siku hiyohiyo, akieleza walichokubaliana na kuomba athibitishe. Jibu lilikuwa neno moja, "sawa". Mwaka uliofuata bosi huyo alihamishwa, mrithi wake akasema hajui mpango wowote, na lile neno moja likatosha.

Uamuzi wa tatu ulihusu namna ya kusoma. Tuliacha kuhesabu saa, tukaangalia kila saa ina uwezo gani. Saa za usiku baada ya kazi na darasa zinaweza kazi nyepesi: kupanga maelezo, kusoma muhtasari, kujaza kadi. Haziwezi kubeba hukumu ndefu wala kuandika hoja. Saa pekee aliyokuwa na akili mpya ilikuwa Jumamosi alfajiri kabla ya semina. Hiyo ikawa ya kuandika jibu moja la swali la mtihani uliopita, kwa saa ya ukutani, bila kufungua kitabu. Hukumu zikahamia Jumapili mchana, na siyo zote nzima. Kila kesi ikawa na kadi moja: mambo yaliyotokea kwa mistari mitatu, swali la kisheria, jibu, sababu ya jibu, na mstari wa mwisho ambao nilimlazimisha aujaze: "kesi hii ningeitumia pale ambapo..."

Rekodi za kwenye basi alizifuta. Hilo tulibishana, kwa sababu kusikiliza mara ya tatu kulimpa hisia ya kujua. Utafiti wa Roediger na Karpicke wa mwaka 2006 unaeleza hisia hiyo vizuri: waliorudia kusoma walikumbuka zaidi baada ya dakika tano, lakini baada ya wiki waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Kwenye basi akaanza kujiuliza maswali kutoka kwenye kadi.

Tatizo la maktaba kufungwa lilimalizwa na hazina huria za sheria kwenye intaneti. AustLII ya Australia ilianza mwaka 1995, BAILII ya Uingereza na Ireland ikafuata, AfricanLII ya Afrika ipo, na hukumu zake husomwa bure saa yoyote.

## Faili la mteja

Mwaka wa tatu lilitokea jambo ambalo lingeweza kumaliza yote. Kazi ya muhula ilihusu taarifa za uongo zinazomshawishi mtu kuingia kwenye mkataba. Bi. N. alikuwa na dai halisi mezani kwake linalofanana na swali, akalitumia kama mfano. Alibadili jina la mteja mwanzoni lakini akaliacha kwenye ukurasa wa nne, pamoja na namba ya bima na maelezo ya ugonjwa.

Mhadhiri aliirudisha bila kuisahihisha, akamwita pembeni na kumtaka aandike upya kwa mambo ya kubuni. Alikatwa alama za kuchelewa. Nilimshauri amweleze mkuu wake kazini kabla habari haijafika kwa njia nyingine. Alifanya hivyo, akapewa onyo la mdomo.

Aliona ameonewa. Alikuwa na nia njema, mteja hakudhurika, na mhadhiri mwenyewe alikuwa akihimiza darasa litumie mifano hai. Lakini taarifa za mteja ni za mteja, na ruhusa ya kuziona kazini haivuki lango la ofisi. Kwa mwanasheria mtarajiwa uzito unaongezeka: katika nchi nyingi, anayeomba kuandikishwa kuwa wakili huchunguzwa mwenendo wake, na onyo la maandishi la kuvunja usiri ni jambo la kulieleza mbele ya watu wasiokujua.

## Matokeo

Sapu ya Jinai aliifaulu mara moja. Ya Madhara alifeli tena, ikawa kari, akalirudia somo zima na darasa la nyuma yake, na safari hiyo akapata alama B. Alihitimu mwaka wa sita, daraja la pili la chini, na tasnifu kuhusu wajibu wa mwenye bima kutoa taarifa. Cheo alichokitaka kazini katika mwaka wa nne alipewa mwingine. Hakuna aliyemwambia ni kwa sababu ya masomo, na hakuuliza.

Bado hajawa wakili. Mafunzo ya vitendo baada ya shahada, kule alikokuwa, ni ya mchana kwa muda wote, na hawezi kuishi miezi hiyo bila mshahara. Amehamia kitengo cha sheria cha kampuni ileile kama ofisa asiye wakili. Mistari miwili anaiandika, wakili anaisaini.

## Uchambuzi

Sapu mbili za muhula mmoja zilikuwa na vyanzo tofauti kabisa, na kama tungezichukua kwa pamoja kama "mzigo mkubwa" tungetibu nusu tu. Ya Jinai ilikuwa ya kiutawala. Nilipojumlisha alama, mtihani wake wa mwisho ulikuwa wa kutosha. Jaribio lingempa hata alama za chini, angevuka. Kilichomwangusha ni kimya chake kazini. Hofu yake ilikuwa na msingi, na tukio la cheo linaonyesha hivyo, lakini kificho nacho kilikuwa na bei na aliilipa kwanza. Siwezi kusema kila mwanafunzi amwambie mwajiri. Mwenye mkataba wa miezi mitatu mitatu yuko mahali pengine. Ila anayenyamaza apige hesabu mapema: ni nyaraka gani za chuo zitahitaji saini ya mwajiri, na atafanya nini siku hiyo.

Ya Madhara ndiyo inayonivutia. Tumezoea kuwaambia watu wazima kwamba uzoefu wa kazi ni mtaji darasani, na kwenye Mikataba ulikuwa mtaji kweli. Lakini dawati la madai linafundisha kutafuta sababu ya kufunga faili, na mtihani wa sheria unataka ufungue pande zote mbili kabla ya kufunga. Askari anaposoma Jinai huanza na hatia. Mhasibu anaposoma Sheria ya Kodi huanza na fomu. Tabia hizi hazionekani kwenye karatasi ya usajili, na mwanafunzi mwenyewe haoni, kwa kuwa kwake ndiyo akili ya kawaida. Dawa iliyofanya kazi ilikuwa ndogo: kwenye majibu ya Jumamosi alitakiwa kuandika hoja ya dada kabla ya hoja ya kampuni. Kwa wiki kadhaa alilalamika kwamba anatetea madai ya uongo. Kisha malalamiko yakaisha, na alama zikaanza kupanda kabla hata kadi za kesi hazijafika nusu.

Kadi zenyewe zilisaidia, ingawa si sawa kwa kila somo. Kwenye Ardhi, ambako vifungu vya sheria ni vingi kuliko kesi, zilikuwa karibu bure, akarudi kwenye kuchora jedwali la nani ana haki gani juu ya kiwanja kimoja.

Kundi la diskasheni lilishindwa. Walikuwa watatu, kila mmoja na mada yake, wakakutana Jumamosi baada ya semina. Mwanzo lilikwenda vizuri. Baada ya muda mmoja akaacha kujiandaa, wa pili akawa anasoma kwa sauti desa (maelezo yaliyonakiliwa) la mwaka uliopita, na Bi. N. akawa mhadhiri asiyelipwa. Makundi ya jioni yanavunjika kwa urahisi kwa sababu hakuna muda wa ziada wa kufidia mwenzako asiyejiandaa. Lililodumu ni kubadilishana majibu yaliyoandikwa, watu wawili, kila mmoja akimsahihisha mwenzake kwa kalamu nyekundu. Hapo asiye na jibu anaonekana mara moja.

Kupunguza mzigo kulifanya kazi, lakini kulifanya kazi kwa sababu ramani ya masomo ilichorwa kwanza. Nimeona mwanafunzi mwingine aliyepunguza kwa kuacha masomo magumu, akafika mwaka wa tano na masomo yote yanayofungua mengine bado yamemkaa mbele.

Baada ya kisa hiki, mkuu wa idara alipendekeza kila mwanafunzi wa jioni aanze na masomo matatu kwa lazima. Sikubaliani naye, na mjadala bado uko wazi. Muhula wa kwanza wa Bi. N. ulikuwa na masomo matano na aliyaweza. Mzigo wa lazima ungemnyima mwaka bila kugusa ile tabia ya dawati wala ule ukimya wake. Ninachopendekeza mimi ni mahojiano ya wiki ya pili: kazi yako inakufundisha kuamua vipi, nani kazini anajua unasoma, na majaribio ya muhula huu yanaangukia siku zipi za mwezi. Idara inasema hakuna wa kuyafanya mahojiano hayo baada ya saa za kazi.